Jiko, Tuta na Daftari: Utafiti-Tendaji katika Mafunzo ya Ufundi Wilayani Chamwino

Kila mradi wa mafunzo ya ufundi huwa na siku yake ya sherehe. Mgeni rasmi hutoa vyeti, kifaa kipya hupigwa picha, na taarifa hupelekwa makao makuu kwamba watu kadha wa kadha wamekwisha kufunzwa. Lakini maswali makubwa ya elimu huanza siku inayofuata, wageni wakiisha kuondoka. Je, kifaa kinatumika? Kikiharibika, nani atakitengeneza? Na ikiwa hakilingani na chungu, na udongo au na saa za kazi za mtumiaji, nani mwenye ruhusa ya kukibadili?

Maswali hayo ndiyo yanayoshughulikiwa na njia ya uchunguzi iitwayo utafiti-tendaji. Makala haya yanaeleza njia hiyo ni nini, ilianzia wapi, na jinsi ilivyotumika kati ya mwaka 2013 na 2018 katika vijiji vya Ilolo na Idifu, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma. Mwishoni imeelezwa namna mwalimu na wanafunzi wa sekondari wanavyoweza kuitumia katika shule yao wenyewe.

UTAFITI-TENDAJI NI NINI?

Katika utafiti uliozoeleka, mtafiti hujitenga na jambo analolichunguza. Huja, hupima, huondoka, kisha huandika. Waliopimwa mara nyingi hawasomi kilichoandikwa, na kazi yao huendelea kama ilivyokuwa. Utafiti-tendaji huenda kwa njia nyingine. Ni uchunguzi unaofanywa ndani ya kazi yenyewe, pamoja na watu wenye kazi hiyo, kwa nia ya kuiboresha kazi hiyo hiyo.

Hatua zake ni nne. Ya kwanza ni kupanga: wahusika hutaja shida yao na kuchagua jambo la kujaribu. Ya pili ni kutenda, yaani kulijaribu jambo hilo. Ya tatu ni kutazama: hupimwa na kuandikwa yale yaliyotokea, mazuri na mabaya. Ya nne ni kutafakari: wahusika hukaa pamoja, husoma vipimo vyao, na kuamua lipi liachwe, lipi libadilishwe na lipi liendelee. Kutokana na hatua ya nne hutoka mpango mpya, na mzunguko huanza tena ukiwa juu kidogo ya pale ulipokuwa, kama ngazi ya kuzunguka.

Mtu anayetajwa kwa kawaida kuwa mwasisi wa jina hilo ni Kurt Lewin, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa mwaka 1890 na kufanya kazi Ujerumani kabla ya kuhamia Marekani. Makala yake maarufu juu ya utafiti-tendaji ilitoka mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Lakini jaribio lake lenye mafunzo makubwa kwa walimu lilifanyika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyama ilikuwa haba Marekani, na serikali ilitaka akina mama wa nyumbani wapike pia viungo ambavyo wengi wao hawakuvipenda, kama moyo na figo. Makundi mengine yalipewa mhadhara mzuri juu ya lishe na namna ya kupika. Makundi mengine yalijadili jambo lenyewe, yakataja vikwazo vyao, kisha yakaamua yenyewe. Baadaye ilionekana kwamba waliosikiliza mhadhara, ni 3 tu katika kila 100 waliokuwa wamepika kiungo ambacho hawakuwahi kukipika. Waliojadili na kuamua walikuwa 32 katika kila 100.

Maarifa yaliyotolewa kwa makundi yote yalikaribiana. Kilichotofautiana ni nafasi ya mwanafunzi katika kuamua. Kwa mradi wowote wa mafunzo unaotegemea kifaa, iwe jiko, redio, pampu au kompyuta, funzo hilo lina uzito mkubwa.

NJIA HII KATIKA TANZANIA

Tanzania si mgeni wa fikira hizi. Mwaka 1973 nchi iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kilichoandaliwa na wakajadili kinga ya maradhi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa kazi hiyo. Ilikuwa ni mojawapo ya kampeni kubwa kabisa za elimu ya watu wazima kwa njia ya redio, na vikundi havikuishia katika maneno: vilichimba vyoo na kusafisha mazingira. Hata hivyo, redio husema kwa wote kwa sauti moja. Kikundi kilichokaa juu ya mwamba na kikundi kilichokaa juu ya mchanga vilisikia kipindi kile kile kuhusu uchimbaji wa choo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wachunguzi waliokuwa wakifanya kazi nchini walianza kutafuta njia ya kuzifanya sauti za vijijini nazo zisikike katika utafiti. Mwaka 1975 ulianza mradi wa Jipemoyo katika sehemu za magharibi za Wilaya ya Bagamoyo, kwa ushirikiano wa wizara iliyohusika na utamaduni na Chuo cha Taaluma cha Finland; miongoni mwa viongozi wake alikuwa Marja-Liisa Swantz. Mwaka 1976, katika kijiji cha Bwakira Chini, Morogoro, ulifanyika mradi wa majaribio juu ya uhifadhi wa nafaka. Wataalamu na wanakijiji walijadili kwanza vyanzo vya hasara, yaani panya, wadudu na unyevu, kisha wakaanzia katika maghala ambayo wanakijiji walikwisha kuyajua. Mwaka 1979 wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Mzumbe kujadili utafiti wa namna hiyo, ambao umekuja kuitwa utafiti shirikishi. Ni ndugu wa karibu wa utafiti-tendaji: mmoja husisitiza nani ashiriki, mwingine husisitiza kwamba uchunguzi lazima uzae tendo.

CHAMWINO: NCHI NA SHIDA ZAKE

Wilaya ya Chamwino iliundwa mwaka 2007 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Ni sehemu ya uwanda wa juu wa kati, nchi ya Wagogo, yenye msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwezi Desemba hivi hadi Aprili. Mvua ya mwaka mzima katika sehemu hizo ni kama milimita 350 hadi 500, na hata hiyo haiji kwa utaratibu. Huweza kunyesha kwa siku tatu mfululizo, kisha ikakatika kwa wiki tatu, mimea ikiwa ndiyo kwanza inatoa majani. Kwa ajili hiyo wakulima wamejenga kilimo chao juu ya mazao yanayostahimili ukame: uwele na mtama, pamoja na karanga, alizeti na mengineyo.

Kuna na shida ya kuni. Chakula cha kila siku, ugali wa uwele na mlenda, hupikwa kwa kawaida juu ya mafiga matatu. Kadiri miti inavyopungua karibu na makazi ndivyo safari ya kutafuta kuni inavyorefuka, na safari hiyo kwa sehemu kubwa ni ya akina mama na watoto wa kike. Saa inayopotea porini ni saa iliyokatwa kutoka shambani, kutoka katika mapumziko, au kutoka katika daftari la mwanafunzi. Aidha, moshi wa jikoni huumiza macho na mapafu ya mpishi na ya mtoto aliyebebwa mgongoni.

MRADI WA ILOLO NA IDIFU

Katika mazingira hayo ulianza, mwaka 2013, mradi uliojulikana kwa jina la Trans-SEC. Uliongozwa na Kituo cha Leibniz cha Utafiti wa Mandhari ya Kilimo kilichoko Müncheberg, Ujerumani, kwa fedha za serikali ya nchi hiyo, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro na taasisi nyinginezo za utafiti. Vijiji vilivyochaguliwa vilikuwa vinne: Ilolo na Idifu katika Chamwino penye ukame, na Changarawe na Ilakala katika Wilaya ya Kilosa penye mvua nyingi zaidi. Hivyo njia ile ile iliweza kulinganishwa katika hali mbili za nchi.

Wataalamu walikuja na orodha ya mbinu mbalimbali: kuvuna maji ya mvua shambani, kutumia mbolea kidogo kwa kipimo, majiko sanifu, bustani za mboga za nyumbani, uhifadhi bora wa nafaka, mashine za kupukuchua na kupura, na kadhalika. Lakini orodha haikugawiwa kama dawa ya chanjo. Wanakijiji walizijadili mbinu, wakazikadiria faida na madhara yake kabla ya kuanza, kisha wakajiunga katika vikundi kufuatana na mbinu waliyoona inawafaa. Hatua hiyo ya kukadiria kabla ya kutenda ni muhimu mno. Mtaalamu wa kilimo huelekea kutazama magunia kwa ekari. Mkulima hutazama magunia, lakini pia hutazama nani atafanya kazi hiyo, katika mwezi gani, na jirani atasemaje. Mambo hayo yasipotajwa mwanzoni, hujitokeza mwishoni kwa sura ya kifaa kilichoachwa nyuma ya nyumba.

SAYANSI YA JIKO

Jiko ni mfano mzuri wa kuonyesha jinsi kipimo na mjadala vinavyosaidiana. Mpishi anataka kuchemsha lita 5 za maji, ambazo ni sawa na kilo 5. Maji ya mtungini yana nyuzi 25 za sentigredi. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka katika nyuzi 96 hivi, wala si 100. Joto linalotakiwa ni 5 × 4.2 × 71, yaani kilojuli 1,491. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kilojuli zipatazo 16,000. Kama joto lote lingeingia katika chungu, gramu 93 za kuni zingetosha. Hizo ni vijiti vichache tu vya kushika mkononi.

Kila mpishi anajua kwamba hazitoshi. Juu ya mafiga, upepo huchukua joto, ardhi huchukua joto, miali hutawanyika pembeni, na sehemu ya kuni hutoka kama moshi kabla ya kuungua sawasawa. Ikiwa ni sehemu 10 tu katika 100 zinazoingia katika chungu, kuni zinazohitajika ni gramu 930 hivi. Zikiingia sehemu 20, gramu 470 hivi zinatosha. Jiko sanifu la udongo hufanya kazi hiyo: huuzungushia moto ukuta, huelekeza miali kwenye chungu, na hupitisha hewa kwa kiasi.

Katika Ilolo na Idifu, wanavikundi walifunzwa kujenga majiko ya namna hiyo kwa vitu vinavyopatikana kijijini, na baadhi yao wakawa walimu wa wenzao. Hapo ndipo utafiti-tendaji ulipoonyesha nguvu zake. Jiko la udongo lina mambo mengi yanayoweza kubadilishwa: upana wa mdomo wa kuni, kimo cha chungu juu ya moto, unene wa ukuta, mchanganyiko wa udongo usiopasuka. Aliyefunzwa kunakili jiko moja atanakili na kasoro zake. Aliyeelewa kwa nini mdomo uwe mwembamba anaweza kuubadili kwa akili bila kuharibu kazi ya jiko. Watafiti waliofuatilia vikundi hivyo waliandika kwamba wanavikundi waliendelea kuyarekebisha majiko yao kufuatana na mahitaji na uelewa wao, na marekebisho hayo yakahesabiwa kuwa sehemu ya matokeo ya mradi, wala hayakuchukuliwa kuwa makosa ya wanafunzi.

Hali kadhalika vipimo havikusahauliwa. Katika kijiji cha Idifu majiko sanifu yalilinganishwa na mafiga kwa jaribio la upishi: chakula cha aina moja, kuni zilizopimwa kwa mizani, na muda uliopimwa kwa saa. Jiko sanifu lilitumia kuni chache zaidi, lakini akiba haikuwa sawa kwa chakula kinachoiva upesi na kwa chakula kinachokaa motoni muda mrefu. Jambo hilo lina maana. Mtengenezaji akipima jiko kwa kuchemsha maji matupu, hupata jibu la maji matupu. Swali la mpishi linahusu maharage.

TUTA NA KOFIA YA CHUPA

Mfano wa pili ni wa shambani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 30 huiangushia ekari moja lita zipatazo 121,000, yaani zaidi ya mapipa 600 ya lita 200. Ardhi ikiwa ngumu na yenye mteremko, sehemu kubwa ya maji hayo hukimbilia korongoni na kuchukua udongo wa juu. Dawa mojawapo ni matuta yaliyofungwa: matuta hukingama mteremko, na katikati ya tuta na tuta huwekwa vizuizi vidogo vya udongo, hata shamba likawa na visahani vingi vinavyoyashika maji mpaka yazame.

Mbinu hiyo ilijaribiwa katika kilimo cha uwele pamoja na mbolea kidogo sana inayotiwa katika shimo la mbegu, kiasi kinachoweza kupimwa kwa kofia ya chupa ya soda. Mambo hayo mawili hutegemeana: mbolea bila maji haina faida, na maji katika udongo uliochoka hayana faida kubwa.

Lakini tuta halijijengi lenyewe. Kulifunga kwa jembe la mkono ni kazi ngumu, tena huja wakati ambapo kila nyumba inataka kupanda upesi. Mtaalamu anayehesabu mavuno tu ataiona mbinu hii kuwa nzuri kwa wote. Kikundi kinachohesabu na siku za kazi huweza kuamua kwamba kaya yenye mikono michache ianze na sehemu ndogo ya shamba. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani katika maabara, wala mkulima mmoja asiye na kipimo cha kulinganisha hawezi kuufikia kwa hakika. Hupatikana pale tu ambapo daftari la vipimo liko mbele ya kikundi kizima.

MIPAKA YA NJIA HII

Haifai kudhani kwamba utafiti-tendaji huponya kila kitu. Kwanza, ni wa polepole. Zao la mvua hutoa jibu moja kwa mwaka, na mwaka wa ukame huweza kuficha faida ya mbinu njema au ubaya wa mbinu mbovu. Pili, matokeo ya kijiji kimoja hayawezi kuhamishiwa kijiji kingine bila kujaribiwa tena. Tatu, watu wakijua kwamba mgeni anapenda jiko lake, huweza kumsifia jiko kwa adabu. Ndiyo sababu mizani na saa ni vya lazima. Nne, katika mkutano sauti ya mwenye cheo huzizima nyingine. Katika jambo la jiko, mpishi akikaa kimya na mwenye nyumba akasema, utafiti umempoteza mtaalamu wake mkuu.

Mpaka ulio mkubwa kuliko yote ni mwisho wa mradi. Fedha hukoma kwa tarehe iliyoandikwa, lakini udongo wa jiko huendelea kupasuka. Kipimo cha kweli cha mafunzo ni kama uwezo wa kupanga, kupima na kurekebisha umebaki mikononi mwa watumiaji. Ikiwa daftari limeondoka pamoja na gari la mradi, kijiji kimeachiwa vifaa tu. Likibaki, na wakawepo wanaojua kulisoma, kijiji kimeachiwa elimu.

Hukumu hiyo inahusu pia vifaa vya kisasa zaidi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo. Shule inayotaka kujua faida yake inaweza kufuata mzunguko ule ule: kuchagua mada moja ngumu, kuifundisha kwa msaada wa kifaa, kupima uelewa wa wanafunzi, kisha kukaa na walimu wengine na wanafunzi wenyewe kuamua la kubadili.

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Katika mafunzo ya ufundi mafya nayo ni matatu: kifaa, mwalimu na mtumiaji. Miradi mingi imekuwa hodari kwa mawili ya kwanza. Chungu kimeanguka kwa kukosa la tatu.

KAZI KWA WANAFUNZI

Kazi hii yaweza kufanywa na kidato chochote chenye mizani, saa na kipimajoto.

1. Kupanga. Zungumzeni na wapishi wa shule. Waulizeni shida zao kuhusu jiko na kuni, na andikeni majibu kwa maneno yao. Chagueni pamoja nao jambo moja la kujaribu, kwa mfano kuanika kuni kabla ya kuzitumia, au kufunika sufuria.

2. Kutenda. Kwa siku tano pikeni kwa desturi ya kawaida. Kwa siku tano nyingine pikeni kwa desturi mpya. Chakula kiwe kile kile na cha uzito ule ule.

3. Kutazama. Kila siku pimeni kuni kabla na baada ya kupika, muda wa kuiva, na hali ya upepo. Andikeni na maoni ya wapishi, hasa yale yasiyopendeza.

4. Kutafakari. Chora grafu. Kaeni na wapishi muisome pamoja. Je, tofauti kati ya desturi mbili ni kubwa kuliko tofauti kati ya siku na siku? Amueni la kubadili, kisha anzeni mzunguko wa pili.

Maswali ya kujadili:

(a) Kokotoa kuni zinazohitajika kuchemsha lita 20 za maji penye Dodoma, ikiwa jiko huingiza chunguni sehemu 15 katika 100 za joto.

(b) Kwa nini jaribio la Lewin halithibitishi kwamba mhadhara hauna faida yoyote?

(c) Taja kifaa kimoja kilicholetwa katika kijiji au mtaa wako na kikaachwa. Ni hatua ipi kati ya zile nne iliyorukwa?